Walokole na Somo la Zakayo

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka michache baadaye uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika.

Watu wa uamsho huo, walioitwa Walokole, hawakuishia kwenye nyimbo. Somo la Zakayo, mtoza ushuru wa Injili aliyeahidi kurudisha alichodhulumu, walilichukua lilivyo: aliyeiba alirudisha mali kwa mwenyewe, na dhambi zilitajwa hadharani, tena pasipo kuficha aibu. Baadhi ya viongozi wa kanisa walikereka, na si ajabu.

Mtihani mkali ulikuja Kenya baada ya 1952, wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya serikali ya kikoloni. Walokole wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, wengine wakauawa. Na wapo waliokataa pia kubeba bunduki za serikali.