Ndewe, mwiba na maji ya chumvi: historia ya kutoga masikio katika nchi ya Morogoro

Kutoga masikio, yaani kutoboa ncha laini ya sikio ili ipokee pambo, ni desturi ya kale katika nchi zinazoizunguka milima ya Uluguru, na maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 yanaonyesha kwamba kazi hiyo haikuishia kwenye mwiba au sindano bali ndipo ilipoanzia. Tundu jipya, ambalo huitwa ndewe, lilipaswa kulindwa, kuzuiwa lisizibe na, kwa baadhi ya jamii, kupanuliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayetaka kuielewa desturi hii hana budi kuitazama kama historia ya kuuguza kidonda kabla ya kuitazama kama historia ya mapambo.

Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton, akiwa pamoja na John Speke, alipita Zungomero katika nchi ya Wakutu, chini ya milima ya Uluguru, kisha akapanda kuelekea Usagara, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Kilosa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton, ingawa mara nyingi aliwatazama Waafrika kwa dharau, aliacha maelezo yenye thamani kuhusu masikio ya Wasagara: ncha ya sikio ilitobolewa utotoni kwa mwiba au sindano, kisha vikatiwa humo vipande vyembamba vya mtete, mti au shina la unyoya, vikiongezwa kimoja baada ya kingine hadi tundu likaweza kupokea kisahani cha mti, pembe ya ndovu au sandarusi, ile gundi ngumu ya msituni iliyokuwa bidhaa kubwa ya pwani. Henry Morton Stanley, aliyepita Simbamwene, mji ulioanzishwa na mtawala Kisabengo karibu na mahali ulipo mji wa Morogoro wa leo, mwaka 1871, aliandika kuhusu kijana wa Kisagara ambaye ndewe yake ilibeba kibuyu kidogo cha tumbaku. Wafugaji wa Kiparakuyo, ambao majirani zao huwaita Wakwavi, nao wamekuwa na desturi ya kurefusha masikio kama ndugu zao Wamaasai, na wako katika nyanda za Kilosa na Mvomero hadi leo.

Utaratibu huo wa kuongeza kijiti kwa kijiti unastahili heshima kubwa kuliko ile uliyopewa na wageni walioushangaa. Mwili unapotobolewa, ngozi ya nje huanza kukua kuingia ndani ya tundu kutoka pande zote mbili, hata tabaka hizo mbili zikutane na kufanya kijia kilichofunikwa na ngozi kamili. Anayelilazimisha tundu kabla ya hapo huichana ngozi changa, na mchaniko huo huwa mlango wa vijidudu na chanzo cha makovu. Watu wa nchi hizi hawakuwa na hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, lakini subira yao ililingana na mwendo wa mwili wenyewe.

Kutoka pwani, kwa njia ya misafara na baadaye kwa reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, zilikuja pia desturi za Waswahili. Wanawake wa mwambao walitoga ncha na hata ukingo wa sikio, wakavaa vipuli katika matundu madogo ya juu na majasi, mapambo ya mviringo ya fedha, dhahabu au karatasi za rangi zilizokunjwa, katika ndewe kubwa za chini. Kwa mtoto wa kike ilitosha sindano na uzi uliofungwa kitanzi na kupakwa mafuta, au kijiti cha chelewa, na mama ndiye aliyelitazama sikio kila siku.

Hata hivyo haifai kuisifu desturi kwa kufumba macho. Mwaka 1857 hakukuwa na daktari popote aliyeijua sababu ya kidonda kutunga usaha. Joseph Lister alichapisha njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda mwaka 1867, na kijidudu cha pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli na kuua, kilitengwa na Kitasato Shibasaburo mwaka 1889. Mbegu za kijidudu hicho hukaa katika udongo na samadi, kwa hiyo mwiba uliookotwa au kinyesi cha ng'ombe kilichopakwa kwenye kidonda vingeweza kuleta kifo. Kinga ilichelewa kufika: Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975, na chanjo dhidi ya homa ya ini aina ya B ikaingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2002. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera, na sindano moja kupitishwa katika masikio ya watoto wengi, jambo lililokuwa la kawaida katika familia, likawa hatari iliyo wazi, kwa kuwa maradhi hayo mawili huenezwa kwa damu.

Katika miji ya leo, Morogoro ikiwemo, kazi ya bibi imehamia saluni, ambako mara nyingi hutumika bunduki ya kutobolea, chombo cha springi kinachosukuma kipini butu kwa nguvu. Tatizo lake ni la kimaumbile: mwili wake wa plastiki hauwezi kuchemshwa katika mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, na kipini chake huponda nyama badala ya kuikata, jambo linalodhuru zaidi gegedu, ule mfupa laini wa ukingo wa sikio usio na mishipa yake ya damu na ambao ukioza unaweza kulikunja sikio daima. Hasara nyingine, na pengine kubwa zaidi, ni kwamba tundu linalotobolewa kwa nukta moja humfanya mwenyewe aamini kuwa kazi imekwisha, ilhali ncha ya sikio huhitaji wiki sita hadi nane kupona na gegedu huweza kuchukua miezi mingi hadi mwaka.

Katika muda huo wote dawa bora ni nyepesi. Mikono huoshwa kwa sabuni kwanza, kisha tundu husafishwa mara moja au mbili kwa siku kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa. Chumvi ikizidi huunguza. Maji ya mito ya Uluguru, hata yanapoonekana safi kama ya Morogoro au Ngerengere, hayafai kidonda kibichi, kwa kuwa hubeba vijidudu, vikiwemo vile vinavyoshambulia gegedu. Spiriti huua ngozi changa inayojenga kijia, na kuizungusha hereni, ushauri unaorudiwa sana, huichana upya. Ute mwepesi uliokauka pembeni ya tundu ni wa kawaida. Wekundu unaosambaa, joto, usaha wa kijani au homa si vya kawaida, na mwenye dalili hizo aende zahanati akiwa bado amevaa pambo lake, kwa maana likitolewa tundu laweza kuziba juu na kuufungia usaha ndani. Na mzazi anayempeleka mwanawe kutogwa aombe sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yake, na asione haya kuondoka ikikosekana.