Dola huogopa nini katika sanaa?

Kila nifundishapo fasihi na siasa, wanafunzi huniuliza: Profesa, serikali yenye bunduki na jela huogopa nini katika utungo wa mtu mmoja? Huwajibu kwa historia yetu wenyewe, maana ina ushahidi tosha.

Chukua mwaka wa 1977. Mnamo Julai, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, Petals of Blood, ilizinduliwa jijini Nairobi. Aliyeizindua ni Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha wakati huo. Riwaya yenyewe inawachambua bila huruma waliojitajirisha baada ya uhuru, lakini mwandishi alienda zake nyumbani. Oktoba mwaka uo huo, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia aliyoitunga kwa Kikuyu pamoja na Ngugi wa Mirii. Hoja zilikaribiana sana: ardhi, ujira duni, unafiki wa wenye nacho. Novemba kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka Ngugi akakamatwa, akazuiliwa Kamiti bila mashtaka.

Ujumbe haukubadilika. Kilichobadilika ni lugha na hadhira. Tena tazama: mwaka 1980 tamthilia hiyo ilichapishwa ikawa kitabu, ikauzwa. Lakini ukumbi wa wazi wa Kamiriithu ulibomolewa mwaka 1982. Anayesoma peke yake chumbani alivumilika. Umma uliokaa pamoja ukajiona jukwaani haukuvumilika.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa ametangulia kulipa gharama hiyo. Waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi?, uliohoji jinsi serikali ya KANU ilivyokiandama chama cha KPU, uliandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka na kila mtu. Mwaka 1969, kijana huyo ambaye hata miaka 25 hajatimiza alifungwa miaka 3. Gerezani alitunga mashairi, akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Mwaka 1973 yakatoka katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani jina la rais ambaye mshairi alifungwa chini ya utawala wake ndilo lililompa taji!

Je, serikali ilikuwa imetubu? Sidhani. Waraka ulisema wazi. Mashairi kama “Mamba” yalisema kwa fumbo, na fumbo humruhusu mkubwa kujifanya kwamba anayesemwa ni mnyama tu.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu: mkimaliza kuorodhesha dhamira na tamathali za usemi kwa ajili ya mtihani, msifunge kitabu. Waulizeni vijana kazi hii ilisemwa kwa lugha gani, mbele ya nani, na nani alizuiwa asiisikie. Mwanafunzi asiyeulizwa hayo atapata alama zake zote, halafu asijue kwa nini watu walifungwa.