Nyekundu, Nyeupe au Kijani? Historia ya Taa Mbele ya Rubani

Rubani anayeruka usiku ana kazi mbili zisizopatana: kusoma vipimo vilivyo mbele yake na kuona kilichoko nje ya kioo. Taa ikizidi, nje panakuwa giza totoro. Ikipungua, mishale ya vipimo haisomeki. Kwa zaidi ya karne moja, kila rangi iliyoletwa kusuluhisha jambo hilo imekuja na tatizo lake.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jibu lilikuwa rangi yenye rediamu. Tarakimu na mishale iling'aa yenyewe, bila umeme. Waliolipia ni wafanyakazi wa viwandani. Mjini Orange, New Jersey, wanawake waliopaka rangi hiyo kwenye saa na vipimo walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo, wakawa wanameza sumu kidogo kidogo. Taya zao zilioza, na baadhi yao wakafa. Watano walioishtaki kampuni iliyowaajiri walilipwa fidia mwaka 1928. Rangi yenyewe haikudumu: salfaidi ya zinki iliyotoa mwanga huchakaa baada ya miaka michache, ilhali rediamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kipimo cha zamani kinaweza kuwa kimezimika kabisa na bado kikatoa mionzi.

Vita Kuu ya Pili ikaleta nyekundu. Jicho huhitaji takriban nusu saa kuzoea giza, na mwanga mkali huharibu kazi hiyo mara moja. Walter Miles, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, alitambua kwamba chembe za jicho zinazoona gizani hazihisi sana mwanga mwekundu. Marubani wakavalishwa miwani myekundu wakisubiri zamu katika vyumba vyenye taa. Baada ya vita, taa nyekundu ikahamia hata kwenye ndege ndogo kama Cessna 172, ikimulika vipimo kutoka darini.

Kasoro ilionekana ramani ilipokunjuliwa. Kwenye ramani za anga za Marekani, viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege huchorwa kwa majenta, rangi iliyo kati ya nyekundu na zambarau. Mulika kwa taa nyekundu, na alama hizo zinafifia mpaka karibu zitoweke kwenye karatasi. Isitoshe, jicho hupata shida kulenga mwanga mwekundu kwa karibu, na rubani aliyevuka miaka 40 huisikia shida hiyo zaidi. Ndiyo maana miongozo ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, huonya kwamba nyekundu hupotosha rangi, na mwanga mweupe hafifu ukapata nafasi yake.

Jeshi nalo likashika njia nyingine. Miwani ya kuonea usiku hukuza mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho, hivyo taa nyekundu huipofusha. Vyumba vya marubani wanaoivaa vikawekewa taa za kijani.

Leo ndege ndogo nyingi zina skrini badala ya mishale, na shida imegeuka: mwanga umekuwa mwingi mno. Anayechagua taa asianze na rangi. Aulize kwanza swichi ya kufifisha inashuka hadi wapi, kwa kuwa nyeupe iliyofifishwa vizuri humfaa rubani kuliko nyekundu inayowaka kupita kiasi.