Jinsi ya kuchangia Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya

Januari 2008, Kenya ikiwa katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, kundi dogo la watu lilijenga tovuti kwa siku chache tu. Aliyeona nyumba zikichomwa au barabara imefungwa alituma ujumbe mfupi au alijaza fomu mtandaoni, na tukio likaonekana kwenye ramani. Wakaiita Ushahidi.

Wazo lilitoka kwa mwanasheria Ory Okolloh. David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich ni miongoni mwa waliolifanya likawa kitu cha kutumika. Miaka miwili baadaye tetemeko la ardhi liliipiga Haiti, Januari 12, 2010, na programu hiyo ikatumika kuweka kwenye ramani ujumbe wa watu waliohitaji maji, dawa na kuokolewa kwenye vifusi. Ujumbe mwingi uliandikwa kwa Krioli ya Haiti. Waliotafsiri ni watu wa kujitolea, wengi wao Wahaiti wanaoishi nje ya nchi, na hawakuhitaji kujua programu kuifanya kazi hiyo.

Hadi leo Ushahidi ni programu huria, na mlango wa kuichangia uko wazi. Kuchangia hapa si kutoa pesa. Ni kutoa kazi.

Huria maana yake nini?

Ni kwamba msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, umewekwa hadharani kwenye GitHub. Yeyote anaweza kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na kuutumia kwa masharti ya leseni. Huria si lazima iwe bure kwa kila kitu: kuna shirika linaweza kukuendeshea tovuti yako kwenye seva zake, au ukaisimika mwenyewe kwenye seva unayoilipia.

Hapo ndipo suala la wingu linapoingia. Programu ya wingu haikai kwenye simu yako. Inakaa kwenye seva mahali fulani, wewe unaifungua tu kwa kivinjari. Sasa, leseni nyingi za huria zenye masharti makali humtaka mtu atoe msimbo pale anaposambaza programu kwa wengine. Lakini programu ya wingu haisambazwi, inatumiwa kwa mbali. Kampuni inaweza kuichukua, ikaiboresha, ikaiuza kama huduma na kuficha kila ilichoongeza.

Mwanya huo ulizibwa na leseni ya AGPL toleo la 3, iliyotoka 2007, na ndiyo inayotumiwa na jukwaa la Ushahidi. Anayeirekebisha na kuiweka mtandaoni anatakiwa awape watumiaji wake msimbo pamoja na marekebisho hayo. Kwa mtu anayejitolea usiku baada ya kazi, hilo si jambo dogo.

Tafsiri ni ngumu kuliko inavyoonekana

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, huu ndio mlango wa karibu zaidi. Miradi mingi ya aina hii hutafsiriwa kwenye jukwaa la mtandaoni kama Transifex: unafungua akaunti, unachagua lugha, unaletewa sentensi moja moja. Hata simu inatosha.

Shida inaanza na ngeli. Kiingereza kina neno moja la kusema kitu kimeondolewa, liwe jambo la ripoti, mtumiaji au picha kadhaa. Kiswahili hakikubali. Ripoti imeondolewa, mtumiaji ameondolewa, maoni yameondolewa. Ukitafsiri neno hilo bila kujua litatokea kwenye skrini ipi, utamwambia mtu kwamba "mtumiaji imeondolewa". Dawa yake ni kufungua programu yenyewe na kutafuta neno linapokaa. Ukikuta neno moja limetumika kwa vitu vya ngeli tofauti, waandikie watunzaji wa mradi waligawe mara mbili. Hiyo nayo ni mchango, tena mzuri.

Kuna vipande vilivyo ndani ya mabano au alama maalumu, ambavyo programu huvijaza jina au idadi. Usivitafsiri wala usivifute, vihamishe tu pale sarufi inapotaka. Na angalia urefu: Kiswahili mara nyingi hurefuka, na kitufe kilichopendeza kwenye kompyuta kinaweza kukatika maneno kwenye simu ndogo.

Kwenye programu ya kuripoti matukio, neno baya lina gharama. Ripoti "imepokelewa" na ripoti "imethibitishwa" ni vitu viwili tofauti kabisa. Siku ya uchaguzi wenye joto, kuvichanganya ni kumfanya msomaji aamini jambo ambalo hakuna aliyelihakiki.

Kuripoti kasoro

Ukikuta kitu hakifanyi kazi, tafuta kwanza kwenye orodha ya kasoro kama kuna aliyewahi. Kama hakuna, andika ulichobonyeza hatua kwa hatua, ulichotarajia na kilichotokea. Taja aina ya simu, kivinjari na toleo lake. "Haifunguki" peke yake haimsaidii mtu. Simu ya bei nafuu yenye intaneti ya kusuasua ni kifaa muhimu sana cha majaribio, kwa sababu anayejenga programu mara nyingi ana kompyuta nzuri na mtandao wa kasi.

Ila kuwa makini na picha za skrini. Ripoti halisi inaweza kuwa na jina, namba ya simu au mahali alipo mtu aliyeshuhudia jambo la hatari, na orodha ya kasoro inasomwa na dunia nzima. Tumia data za kubuni. Ukigundua tundu la kiusalama, kwa mfano njia ya kuona namba za waliotuma ripoti, usilitangaze pale. Waandikie watunzaji kwa faragha, walizibe kwanza.

Kwa wanaoandika msimbo

Upande wa seva umeandikwa kwa PHP, na upande anaouona mtumiaji umejengwa kwa Angular. Soma maelekezo ya kusimika kwanza. Kisha tengeneza nakala ya mradi kwenye akaunti yako ya GitHub, fungua tawi jipya, rekebisha jambo moja tu, lijaribu, halafu tuma ombi la kuunganisha mabadiliko. Wanaoanza watafute kazi zilizowekewa alama kuwa ni nyepesi, na waandike chini yake kwamba wanaifanya, wasije wakakuta mwingine keshamaliza.

Usitume mradi tu. Mwaka 2020, tamasha la Hacktoberfest, ambalo huhamasisha watu kuchangia programu huria kila Oktoba, lilikuwa likitoa fulana kwa waliotuma maombi manne. Watunzaji wa miradi wakafurikwa na mabadiliko ya ovyo, mengine ya kuongeza neno moja kwenye maelezo. Siku chache tu baada ya kuanza, kanuni zikabadilishwa na ikabidi mradi ujiandikishe wenyewe kushiriki.

Ombi lako litasomwa na mtu, na pengine atakurudishia na maswali. Jibu, rekebisha, tuma tena kwenye tawi lilelile. Wiki zikipita kimya, kumbusha mara moja kwa heshima. Likikataliwa, nakala bado ni yako: leseni inakuruhusu kuiendesha na marekebisho yako, mradi msimbo wake uwape watakaoitumia.