Mashine ya kuushtua moyo kazini: mambo ya kupanga na matakwa ya sheria

Moyo unaweza kusimama ghafla mahali popote: kiwandani, ofisini, sokoni, au kwenye uwanja wa shule anakocheza mwanao. Ukisimama, damu haifiki kwenye ubongo, na mtu huanguka na kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Ipo mashine ndogo ya kubebwa, iitwayo difibrileta, inayoweza kuurudishia moyo mapigo yake. Utaitambua kwa herufi AED zilizoandikwa kwenye boksi lake.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuanzisha huduma hii mahali unapofanya kazi au mtoto wako anapolelewa, na wajibu ambao sheria ya Kenya inampa mwenye mahali hapo.

Kwa nini mashine iwe karibu?

Kila dakika inayopita bila kifua kubonyezwa wala moyo kushtuliwa, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Ambulensi inayopita kwenye foleni ya magari mara nyingi hufika dakika hizo zikiwa zimekwisha. Ndiyo maana msaada wa kwanza hutoka kwa watu waliopo.

Huenda unakumbuka Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Alibonyezwa kifua na kushtuliwa moyo papo hapo uwanjani. Mwaka uliofuata alirudi kucheza. Mashine ilikuwepo, na waliojua kuitumia walikuwepo pia.

Difibrileta husoma mapigo ya moyo yenyewe, kisha hukuambia kwa sauti la kufanya. Haitoi mshtuko ikiwa moyo hauuhitaji, kwa hiyo usiogope kwamba utamdhuru mtu aliyezimia tu.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikuitaja difibrileta kwa jina. Hiyo haimwondolei mwajiri wajibu. Sheria hiyo inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, kwa hiyo saluni, hoteli, shule na kituo cha kulelea watoto vyote vimo. Inamtaka mwenye mahali pa kazi:

- alinde usalama, afya na ustawi wa wote wanaofanya kazi hapo, na apime hatari zilizopo;
- aweke sanduku la huduma ya kwanza linalofikika kwa urahisi;
- aunde kamati ya usalama na afya ikiwa ana wafanyakazi 20 au zaidi;
- afanyiwe ukaguzi wa usalama na afya na mshauri aliyesajiliwa, angalau mara moja kila miezi 12;
- aripoti ajali kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Ajali ikisababisha kifo, taarifa itolewe ndani ya saa 24, na ripoti ya maandishi ifuate ndani ya siku 7.

Mlango wa kuiingiza difibrileta ni hapo kwenye kupima hatari. Kama kazini kuna umeme mkubwa, bwawa la kuogelea, kazi ya kutumia nguvu, au watu wengi wanaoingia na kutoka, hoja yako ina msingi wa kisheria.

Jambo jingine la kujua: sheria hiyo inamkataza mwajiri kukufuta kazi kwa sababu tu umelalamikia jambo la usalama au wewe ni mwanakamati. Nayo Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mgonjwa akifikishwa hospitalini, asizuiliwe mlangoni kwa kukosa pesa.

Hatua za kuanzisha huduma

1. Teueni msimamizi na msaidizi wake. Majina yao yabandikwe ukutani. Jukumu lililoachiwa kila mtu mara nyingi halifanywi na yeyote.

2. Nunueni kwa uangalifu. Hakikisheni mashine imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, na kwamba vibandiko na betri zake zinapatikana nchini. Ulizeni pia inaongea lugha gani. Kama wafanyakazi hawaielewi vizuri, yatafsirini maelekezo yake na kuyafanyia mazoezi.

3. Chagueni mahali pa kuiweka. Mtu atembee haraka kutoka pembe ya mbali zaidi, aichukue mashine na kurudi. Akizidi dakika 3, isogezwe au inunuliwe nyingine. Isifungiwe ndani ya ofisi ya meneja: yeye akitoka na ufunguo, mashine haina kazi. Isiachwe pia juani wala ndani ya gari lenye joto.

4. Wafunzeni watu wa kila zamu. Mlinzi wa usiku, mpishi na mfanya usafi wasisahauliwe, maana huenda wao ndio watakaokuwepo. Tafuteni mkufunzi wa huduma ya kwanza aliyeidhinishwa na DOSHS, kisha mrudie mazoezi mara kwa mara.

5. Kagueni kila wiki. Angalieni taa au alama inayoonyesha kuwa mashine iko tayari, na tarehe ya mwisho ya vibandiko na betri. Andikeni kwenye daftari na kutia sahihi. Daftari hilo ndilo mtakalomwonyesha mkaguzi.

6. Kamilisheni mkoba wake. Wekeni mkasi, taulo, wembe, glavu, kinga ya mdomo ya kupulizia pumzi, na vibandiko vya akiba.

Mwanamke akianguka

Utafiti katika nchi kadhaa umeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani husaidiwa kwa njia hii mara chache kuliko wanaume. Sababu moja ni watu kuona haya kumvua mwanamke nguo za juu. Lakini vibandiko hushika kwenye ngozi iliyo wazi na kavu tu. Buibui, blauzi au sidiria ikizuia, ikatwe.

Zungumzeni jambo hili siku ya mafunzo. Kubalianeni kwamba wanawake waliopo watasimama kumzunguka kwa kanga au leso ili kumsitiri, huku kazi ikiendelea. Mwanamume akiwa ndiye pekee aliyefunzwa, asisubiri.

Mjamzito pia hushtuliwa moyo kama mtu mwingine. Mtoto aliye tumboni huokolewa kwa kumwokoa mama yake. Tumbo likiwa limefika usawa wa kitovu au zaidi, mtu mmoja alisukume kuelekea upande wa kushoto wa mama, wakati mwingine anabonyeza kifua.

Watoto

Kwa mtoto wa chini ya miaka 8, au mwenye uzito wa chini ya kilo 25, tumia vibandiko vya watoto au kitufe cha watoto ikiwa mashine inacho. Vikikosekana, tumia vya watu wazima: kimoja katikati ya kifua na kingine mgongoni, visigusane. Moyo wa mtoto mara nyingi husimama baada ya kukosa hewa, kama vile kuzama au kupaliwa, kwa hiyo kumpulizia pumzi ni muhimu sana kwake.

Mtu akianguka

- Mwite na umtikise mabega. Angalia kama anapumua, usizidishe sekunde 10. Kutweta mara moja moja si kupumua.
- Mmoja apige 999 au 112. Mwingine akimbilie mashine.
- Bonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka: mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima, kifua kishuke sentimita 5 hivi.
- Mashine ikifika, iwashe na uifuate. Ikisema msimguse, wote waondoe mikono.
- Baada ya mshtuko, endelea kubonyeza mara moja. Usisimame mpaka aanze kupumua au wahudumu wafike.

Uanzie wapi?

Wiki hii, uliza maswali matatu kazini kwako na shuleni kwa mtoto wako: Nani hapa amefunzwa huduma ya kwanza? Sanduku liko wapi, na ufunguo uko kwa nani? Ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini? Majibu yakikosekana, yapeleke kwa maandishi kwa kamati ya usalama, kwa mwajiri au kwa bodi ya shule, na ubaki na nakala.

Kama pesa za mashine bado hazijapatikana, anzeni na mafunzo. Mikono inayojua kubonyeza kifua humwongezea mgonjwa muda hadi msaada ufike. Ila makala haya hayatoshi badala ya mafunzo yenyewe: jifunze kwa vitendo, mbele ya mkufunzi.