Mgeni wa Krismasi na Jembe Lake

Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii ilitungwa kwa ajili ya watu, lakini yafaa pia kwa mti. Kila mwaka, katika nchi za Ulaya na Marekani, mamilioni ya miti michanga ya jamii ya misonobari hukatwa na kuingizwa nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Mti hupambwa kwa taa na nyuzi za kumetameta, na kwa muda wa majuma machache hutukuzwa kuliko vyombo vyote vya nyumba. Kisha sikukuu hupita. Majani yake, membamba kama sindano, hukauka na kupukutika, na mgeni aliyepokewa kwa nyimbo hutolewa nje mlangoni. Je, hana jembe la kupewa? Vizazi mbalimbali vimelijibu swali hili kila kimoja kwa njia yake, na majibu hayo yana mafunzo kwetu.

Desturi ya mti wa Krismasi ilianza miongoni mwa watu wa lugha ya Kijerumani. Katika mji mdogo wa Ammerschwihr, jimboni Alsace, ambalo leo limo katika Ufaransa, ilitolewa amri mwaka 1561 kwamba mwenyeji asichukue zaidi ya mti mmoja kwa Krismasi, wala urefu wake usizidi viatu vinane. Twaona basi kwamba tangu zamani zile watu walihofia msitu usije ukamalizwa kwa ajili ya furaha ya siku chache. Mwaka 1605 msafiri mmoja aliandika kwamba watu wa Strasbourg walisimamisha miti sebuleni, wakaitundika mawaridi ya karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba na sukari.

Angalia mapambo hayo: mengi yalikuwa chakula. Sikukuu ilipokwisha, watoto waliyala, na mti wenyewe haukukosa kazi katika nyumba iliyopashwa joto kwa kuni. Hata leo, katika nchi ya Sweden, tarehe 13 Januari ni siku ya kuuaga mti. Watoto huuzunguka wakicheza, huondoa vitamu vilivyosalia, kisha mti hutolewa nje. Katika maisha ya namna hiyo takataka zilikuwa chache, kwa kuwa kila kitu kilikuwa na mahali pa kurudi.

Mambo yalibadilika katika karne ya 19. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiuzunguka mti uliopambwa. Watu wengi wa Uingereza, na baadaye wa Marekani, wakataka kufanya kama jamaa ya kifalme. Yasimuliwa kwamba mwaka 1851 mtu aitwaye Mark Carr alikata miti katika milima ya Catskill, akaipeleka New York na kuiuza sokoni. Hivyo mti ukawa bidhaa, na baadaye ukawa zao la shamba, lipandwalo na kuvunwa kama mahindi. Siku hizi miti mingi ya Krismasi hutoka katika mashamba ya namna hiyo.

Lakini mkazi wa mjini, aishiye ghorofani, hana meko ya kuni wala bustani. Mti uliokauka kwake ni mzigo, tena ni hatari, maana utomvu wake huwaka upesi mno. Kwa hiyo kila Januari njia za miji zilijaa miti iliyotupwa, nayo ikachukuliwa hadi jaani. Huko, ikifukiwa chini ya takataka mahali pasipofika hewa, huoza na kutoa methani, gesi ambayo huzidisha joto la dunia kuliko hewa ya kaboni. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti wa urefu wa mita 2 ukiozea jaani huleta madhara sawa na kilo 16 hivi za hewa ya kaboni. Ukichomwa, madhara hayo ni kilo 3.5 hivi tu. Mti ni ule ule. Tofauti imo katika njia ya kuutupa.

Ndipo watu walipoanza kutafuta jembe la kumpa mgeni. Katika miji mingi miti hukusanywa na kusagwa kwa mashine kuwa vibanzi, navyo hutandazwa katika bustani ili kuhifadhi unyevu wa udongo. Mti mkubwa wa Rockefeller Center, mjini New York, una habari ya pekee. Mti wa kwanza mahali pale ulisimamishwa na vibarua wa ujenzi mwaka 1931, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Tangu mwaka 2007 mti wa kila mwaka hupasuliwa mbao, na mbao hizo hupewa shirika la Habitat for Humanity ili zitumike kujengea watu wenye haja ya nyumba.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, yaonekana katika jimbo la Louisiana, mahali mto Mississippi unapoingia baharini. Nchi ile ilijengwa na matope ya mto kwa maelfu ya miaka. Baada ya mafuriko makuu ya mwaka 1927, kingo ndefu zaidi zilijengwa kuuzuia mto usifurike, na matope hayakuweza tena kuenea na kuijaza ardhi. Mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mafuta ikaingiza maji ya chumvi, majani ya vinamasi yakafa, na bahari ikaanza kuila nchi. Kati ya miaka 1932 na 2016 Louisiana ilipoteza kilomita za mraba 4,800 hivi za ardhi. Vinamasi hivyo ni ngao ya watu pia, kwa kuwa hupunguza nguvu ya mawimbi ya tufani.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, miti ya Krismasi hukusanywa huko kila Januari. Nguzo huchomekwa majini kwa safu mbili, na miti hushindiliwa katikati kuwa ua. Wimbi lifikapo penye ua huvunjika nguvu. Maji yakitulia, matope hutua chini. Na matope yakipanda, majani huota tena. Nchini Uingereza nako, katika pwani ya Lytham St Annes, watu wa kujitolea hupanda miti mikavu mchangani ili inase mchanga upeperushwao na upepo, na kukuza vilima vinavyoikinga nchi kavu na bahari.

Tusitie chumvi. Miti hiyo huoza, na nyua hazina budi kujazwa upya. Tena ua wa miti hauwezi peke yake kurudisha nchi iliyokwisha kumezwa na bahari. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mahali palipopata majani mapya si sawa na mahali palipoachwa kuliwa na mawimbi.

Hapa kwetu Kenya, matawi ya mberoshi huuzwa mijini kila Desemba, na Januari huwa yamekauka. Hatuna haja ya kujenga nyua kama za Louisiana. Twaweza kuondoa mapambo, kuyakatakata matawi, na kuyatandaza chini ya miche ya shule, au kumpelekea jirani apikaye kwa kuni. Watu wa zamani walifanya hivyo bila kufundishwa, kwa kuwa uhaba uliwalazimisha. Sisi tulio na vitu vingi zaidi hatuna budi kufanya kwa hiari yale waliyoyafanya kwa lazima, na kabla ya kumpokea mgeni yeyote, kuuliza atakapomaliza siku zake mbili atashika jembe gani.