Kutoka Nyamrerwa hadi Mhamasishaji: Kujitolea katika Afya ya Jamii nchini Kenya

Kujitolea, kwa maana ya kufanya kazi ya umma bila mshahara, kulikuwa na mizizi mirefu nchini Kenya hata kabla ya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, lakini kuwasimamia waliojitolea, yaani kuwachagua, kuwafunza, kuwakagua na kuwadumisha kazini, ni utaalamu uliochelewa sana kupata mwenyewe. Wananchi walichanga fedha na kujenga zahanati, kisha wakaitazamia serikali ilete muuguzi na dawa. Mtu aliyetembea nyumba kwa nyumba kati ya zahanati na kijiji hakuwa katika hesabu ya yeyote.

Waliomweka katika hesabu kwanza walikuwa watu wa miradi. Katika miaka ya 1970 daktari Miriam Were aliongoza mradi wa afya ya jamii huko Kakamega, na shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya kuwafikisha madaktari maeneo ya mbali kwa ndege, likaja kuwafunza wahudumu wa vijiji huko Kibwezi. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilipotangaza afya ya msingi, yaani huduma inayoanzia pale watu wanapoishi, baadhi ya Wakenya tayari walikuwa wakiitenda. Mfano ulio wazi zaidi wa huduma hiyo ni Saradidi, katika eneo la Asembo, Siaya, ambako mradi uliohusishwa na daktari Dan Kaseje uliwaachia wanakijiji wamchague msaidizi wao wenyewe, naye akaitwa nyamrerwa, jina ambalo Wajaluo humwita mkunga wa jadi. Mtoto aliposhikwa na homa usiku, mzazi hakuhitaji kusubiri kupambazuke ili afunge safari ya kwenda zahanati, kwa kuwa vidonge vya klorokwini vya kutibu malaria vilikuwa kwa jirani, naye jirani huyo alivitoa bila kulipwa chochote.

Udhaifu wa mpango wa aina hiyo haukuwa katika moyo wa watu, kwani moyo ulikuwepo tele. Ulikuwa katika ukweli kwamba mafunzo, vifaa na usimamizi vyote vilikuwa mali ya mradi, na mfadhili alipofunga ofisi, mhudumu alibaki na ujuzi usio na mahali pa kuripoti. Janga la UKIMWI, lililotangazwa kuwa la kitaifa mwaka 1999, liliizidisha hali hiyo, kwa sababu mashirika mengi yaliingia vijijini kwa pamoja kuhudumia wagonjwa majumbani, kila moja likiwa na watu wake, daftari lake na kiwango chake cha posho.

Mkakati wa afya ya jamii ambao Wizara ya Afya iliutoa mwaka 2006 ulikusudia kuukusanya mtawanyiko huo. Uliunda kitengo cha afya ya jamii, yaani eneo la watu wapatao 5,000, ambamo kila mhudumu alipewa kaya 20 hivi, na juu yake akawekwa afisa ugani wa afya aliyeajiriwa na serikali. Mashirika hayakuondolewa, yaliendelea kufunza na kugharimia, lakini sasa ndani ya mpango wa serikali. Pengine hakuna kilichobadilisha kazi hii kuliko fomu zenyewe: daftari la kaya, MOH 513, kitabu cha huduma za kila siku, MOH 514, muhtasari wa msimamizi, MOH 515, na MOH 516, ambao ni ubao mweusi unaotundikwa mahali pa wazi na kuandikwa kwa chaki idadi ya kina mama waliojifungulia hospitalini, watoto waliochanjwa na nyumba zenye choo. Kijiji kiliweza kusimama mbele ya ubao na kujisoma, jambo ambalo taarifa za miradi, zilizopelekwa kwa wafadhili ng'ambo, hazikuwahi kukipa.

Ugatuzi wa mwaka 2013 uliikabidhi kazi hii kwa kaunti 47, na tofauti zikarudi kwa sura nyingine, kwani kaunti moja ililipa posho na jirani yake haikulipa. Majina nayo yalibadilika: mhudumu aliitwa rasmi mhudumu wa kujitolea, kana kwamba ilibidi akumbushwe kuwa hadai kitu, na mwaka 2023 akaitwa mhamasishaji wa afya ya jamii. Mwezi Septemba mwaka huo serikali ilizindua wahamasishaji wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari na utepe wa kupimia mkono wa mtoto ili kutambua utapiamlo, pamoja na simu za kurekodi yale yaliyokuwa yakiandikwa katika madaftari. Sheria ya Afya ya Msingi iliyofuata Oktoba iliwatambua kisheria. Posho ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, nayo ikabaki kuitwa posho, si mshahara, ingawa mpokeaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, sasa ana msimamizi, eneo lake, vifaa vya serikali na ripoti anayodaiwa kila mwezi.